Moshi wa jam na tumbo lako: Nilichojifunza nikiwa makanga

Fanya hivi leo jioni. Ukifika kwa keja kutoka tao, kabla hujanawa uso, chukua tishu nyeupe upenge kamasi. Angalia rangi. Kama umetoka Githurai, Kayole, Rongai ama Kangemi na ukapitia katikati ya jiji, utaona weusi wa masizi, ungedhani umeshinda ukipuliza jiko la makaa.

Hayo ni yale yaliyonaswa puani. Mengine yalienda wapi? Wengi watajibu: mapafuni. Si uongo. Lakini kuna mengine umeyameza bila kujua, na saa hii yako tumboni pamoja na chapo madondo uliyokula mchana.

Watu wanaojua nilikotoka huniuliza swali hili sana: je, moshi wa magari unaweza kukuharibia tumbo? Jibu langu ni ndiyo, ila si lazima kwa njia ile unayodhania. Na ukikosea njia, unaweza kujipata pale nilipojipata mimi.

Kichwa nje, tumbo tupu

Niliacha chuo muhula wa tatu. Karo ilikataa kutosha. Sitakuchosha na hadithi hiyo, kila ploti ina mtu wake wa aina hiyo. Binamu yangu akanitafutia kazi ya umakanga kwenye mathree ya Thika Road. Saa kumi na moja alfajiri niko steji, saa nne usiku ndio nashuka. Niliifanya miezi kumi na minne.

Kama hujawahi kuifanya, hali ni hii. Abiria anakaa ndani. Makanga anakaa mlangoni, nusu ya mwili iko nje. Magari yakisimama pale Allsops ama Pangani, bomba la moshi la lori la mbele linakuangalia usoni. Kwenye steji nako dere hazimi injini. Anaikanyagia mafuta ndio abiria waone gari inatoka sasa hivi, hata kama viti vinane bado viko wazi. Na wewe uko hapo nyuma, mdomo wazi, "tao hamsini, tao hamsini!"

Mwezi wa tatu kichwa kikaanza. Ikifika saa nane mchana kinagonga kama spika za matatu yenyewe. Wenzangu kwenye steji hawakushangaa, wote walikuwa na dawa moja: Brufen mbili kutoka kwa kioski, chai ya rangi, twende kazi. Kiamsha kinywa hakikuwepo, kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya pesa na hakuna mtu anaacha abiria ili anywe uji. Chakula cha kwanza kilikuwa saa tisa, cha pili saa nne na nusu usiku, halafu moja kwa moja kitandani.

Baada ya miezi michache tumbo likashika moto. Maumivu yanachimba hapa chini ya kifua, usiku zaidi. Nikamwambia dere.

"Huo ni moshi, konda," akasema bila kugeuka. "Umekula dizeli mingi. Kunywa maziwa, itaosha."

Steji nzima ilikubaliana naye. Kwa hivyo nikawa nanunua maziwa ya pakiti kila jioni. Moto unatulia dakika kadhaa, halafu unarudi. Baadaye ndio nilikuja kuelezwa kwamba maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha yanaweza kulifanya tumbo litoe asidi zaidi.

Siku moja asubuhi, kwenye choo cha kulipia Ngara, niliangalia chini nikaona choo yangu ni nyeusi kama lami. Inanata na inanuka vibaya. Nilipotoka nje jiji lilikuwa linazunguka. Nilimpigia mama simu, na akanipeleka hospitali kwa pesa alizokuwa ameweka za kodi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliniuliza, "Kijana wangu, unatumia dawa gani?" Nikamwambia hakuna, ni za kichwa tu. Akaweka kalamu chini. "Ngapi kwa siku? Tangu lini? Unakula kwanza?"

Tukahesabu pamoja. Ilikuwa mbili hadi nne kwa siku, kwa karibu nusu mwaka, tumbo likiwa tupu. Wakaingiza kamera tumboni, wakapata kidonda kinachovuja damu. Kipimo cha bakteria wa H. pylori nacho kikasema nipo naye. Moshi haukutajwa popote kwenye ile karatasi.

Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga. Halafu swali likanikaa kichwani: dawa za maumivu nilizimeza kwa nini? Kwa sababu ya kichwa. Na kichwa kilitoka wapi? Kutoka pale mlangoni. Dere alikuwa amekosea dawa, lakini hakukosea kila kitu. Hapo ndipo nilianza kusoma.

Moshi unafikaje tumboni?

Kuna njia tatu, na ya kwanza ni koo lako mwenyewe. Ndani ya mirija ya hewa kuna ute unaonata, na ndani yake kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vumbi na masizi yakiingia, yananaswa na huo ute. Vinyweleo vinausukuma juu polepole, usiku na mchana, hadi kooni. Ukifika kooni unafanya nini? Mara chache unatema. Mara nyingi unameza tu, bila kufikiria. Mwili umejisafisha mapafu, lakini uchafu umehamia tumboni.

Njia ya pili ni chakula. Tunda lililokatwa likawekwa wazi kando ya Jogoo Road, smokie, mayai na kachumbari kwenye toroli pale steji, vyote vinakaa kwenye hewa ile ile unayovuta wewe.

Njia ya tatu ni damu. Chembe ndogo kabisa hupenya hadi mwisho wa mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Damu inafika kila mahali, matumbo yakiwemo.

Chembe zinazotajwa sana huitwa PM2.5, maana upana wake hauzidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene karibu mara thelathini kuliko chembe hiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake mpya mwaka wa 2021 lilisema wastani wa siku nzima usipite maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Sasa linganisha na mjini kwetu. Julai 2009 watafiti walipima hewa ya Nairobi kwa wiki mbili, mchana, siku za kazi. Mashambani nje ya jiji walipata 10.7. Kwenye njia ya wapitanjia katikati ya jiji walipata 98.1. Halafu wakapima makutano ya barabara moja kubwa: pale kando kabisa ilikuwa 128.7, lakini mita 100 kutoka hapo, kufuata upepo, ikashuka hadi 18.7. Shika hiyo hesabu ya mita 100, tutairudia.

Hivyo vipimo ni vya zamani, kabla ya Thika Road kupanuliwa na kabla ya Expressway. Lakini moshi haujahama steji. Pita OTC ama Muthurwa saa kumi na mbili jioni ujionee.

Watafiti wameona nini?

Kwa miaka mingi moshi ulihusishwa na mapafu na moyo. Mwaka wa 2012 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani, hasa ya mapafu. Tumbo halikuangaliwa sana hadi miaka ya hivi karibuni.

Kule Calgary, Canada, watafiti walichunguza watu wazima 5,191 waliolazwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo kati ya 1999 na 2006. Ripoti yao ilitoka 2009: wagonjwa waliongezeka kidogo baada ya siku za hewa chafu, hasa miezi ya joto.

Mwaka uliofuata ikaja ya Uingereza, na hii inatuhusu sisi vijana. Waliangalia ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kuuma kwa miaka. Kwa watu wote kwa jumla hawakupata uhusiano na hewa chafu. Lakini kwa vijana wa miaka 23 kwenda chini, wanaoishi maeneo yenye nitrojeni dioksaidi nyingi, gesi inayotoka sana kwenye magari, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupatikana na Crohn.

Kwenye maabara, panya walilishwa vumbi la hewa ya mjini kwa siku 7 hadi 14. Ukuta wa utumbo wao ukaanza kupitisha vitu visivyofaa kupita, dalili za uvimbe zikaonekana, na bakteria wazuri wa tumboni wakabadilika.

Usikimbie na hizo habari kwa grupu la WhatsApp la ploti bado. Kusema kitu "kinahusishwa" na ugonjwa si kusema "kinasababisha". Mtu anayeishi karibu na barabara kubwa mara nyingi pia ana kipato kidogo, anakula ovyo na ana presha nyingi za maisha. Panya naye si makanga. Ninachokiona hapo ni kwamba moshi unafika tumboni, na una uwezo wa kuwasha kuta zake. Hiyo inatosha kukufanya ujikinge. Haitoshi kukufanya uruke hospitali.

Wakati petroli ilikuwa na risasi

Kama bado una shaka kwamba bomba la gari linaweza kufika tumboni, kumbuka madini ya risasi. Zamani yalichanganywa kwenye petroli ili injini ifanye kazi vizuri. Risasi ikizidi mwilini, tumbo ni mojawapo ya mahali inapojionyesha: maumivu makali, kufunga choo, kukosa hamu ya kula. Kwa watoto inaharibu hadi akili.

Kenya iliachana na petroli ya aina hiyo kuanzia Januari 2006. Waliokuwa wakisukuma kampeni hiyo dunia nzima ni Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri. Nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Dizeli nayo ilisafishwa: kuanzia 2015 Kenya na majirani wakahamia dizeli yenye salfa kidogo.

Nakwambia hivi kwa sababu watu husema "moshi ni wa Nairobi, utafanya nini?" Kuna ule uliotolewa tayari. Sheria ziko pia: kanuni za ubora wa hewa, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinachokupa haki ya mazingira safi. Shida ni kwamba hakuna polisi wa trafiki aliyewahi kusimamisha mathree yetu kwa sababu ya moshi. Walitusimamisha kwa mambo mengine.

Kile moshi unasingiziwa

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilikaribia kwenda.

Vidonda vingi vya tumbo vina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni bakteria H. pylori. Zamani madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka wa 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe ili kuonyesha wanawasha tumbo, na akaugua. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Karibu nusu ya watu duniani wameishi na bakteria huyo, wengi bila dalili, na kwa kawaida humpata wakiwa watoto, si kwenye jam.

Sababu ya pili ni dawa za maumivu za kundi la Brufen, diclofenac na aspirini. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake. Ukizimeza kila siku, unavua tumbo koti lake. Ukiwa na H. pylori pia, kama mimi, hatari inazidi.

Na kichefuchefu cha ndani ya gari? Wakati mwingine ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Kichwa, kizunguzungu na kutaka kutapika ndizo dalili zake za mapema. Kama abiria wote wa viti vya nyuma wanajisikia hivyo, bomba la hiyo gari linavuja ndani, shukeni. Lakini kama ni wewe peke yako na umeinamia TikTok tangu Roysambu, inua kichwa uangalie nje. Sikio linasema tunatembea, jicho linasema tumesimama, na tumbo ndilo linalipa.

Kuhara nako mara nyingi ni mikono michafu, maji machafu na nzi. Usimsingizie lori.

Sasa ufanye nini?

Kula kabla ya kutoka, hata kama ni viazi vitamu viwili na chai. Kama wewe ni wa kurudi usiku, kula mapema ulipo, ama acha masaa mawili matatu kabla ya kulala. Asidi inapenda mtu aliyeshiba na kulala chali.

Kichwa kikiuma kila siku, usikizoee. Anza na maji, chakula na usingizi. Panadol haichomi tumbo kama Brufen, lakini nayo ina kipimo chake, na kichwa cha kila siku ni cha daktari, si cha kioski.

Rudi kwenye zile mita 100. Ukingoja gari, usingojee nyuma ya bomba. Ukiwa na njia mbili za kutembea, pita ya ndani. Ukinunua chakula, nunua kwa kibanda kilicho ndani ya mtaa, ama kile kinachotoka motoni na kufunikwa. Ndizi na chungwa unalomenya mwenyewe ni salama kuliko tikiti lililokatwa asubuhi. Ukifika, nawa mikono na uso na usukutue mdomo kabla ya kuguza chakula.

Ndani ya gari, funga dirisha mkiwa mmekwama nyuma ya lori linalotoa moshi, fungua mkianza kutembea. Maski ya kitambaa haizuii chembe ndogo vizuri. Ile ya N95 inazuia, ila ikibana uso sawasawa.

Tumbo likichoma zaidi ya wiki mbili, nenda upimwe. Uliza kipimo cha choo ama cha pumzi kwa H. pylori, kwa sababu kile cha damu kinaweza kuendelea kusema unaye hata baada ya kupona. Mwambie daktari kama umekuwa ukimeza omeprazole ama antibayotiki, zinaweza kuficha bakteria. Ukipewa dawa za siku 14, maliza siku 14, hata kama siku ya tano unajisikia mzima. Halafu upimwe tena, angalau wiki nne baada ya kumaliza.

Na ukiona choo nyeusi kama lami na humezi vidonge vya kuongeza damu, ukitapika damu, ukipungua uzito bila sababu, ama chakula kikikwama ukimeza, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyo.

Mimi nilipona. Sikurudi mlangoni, lakini bado napanda mathree za Thika Road. Mwezi jana niliingia moja, makanga ni kijana mdogo hata ndevu hana. Pale Pangani tukakwama, akatoa vidonge viwili mfukoni, akavimeza bila maji, akarudi kuning'inia.

Nilimuuliza kama amekula. Akacheka. "Buda, nitakula tukifika tao."

Nilikuwa na mandazi mawili kwenye mfuko. Nilimpa, nikamwambia choo yangu ilikuwa rangi gani siku ile Ngara, mbele ya abiria wote. Mama mmoja kiti cha mbele alifunika mdomo. Kijana alikula. Kisha akapiga bodi mara mbili, na kabla hajapanda akamwambia dere azime injini kwanza, hatuendi popote.

Dere alizima. Tulikaa pale dakika tano kwenye kimya, na hakuna abiria aliyeshuka.